Jenetikia ya mbuni

Makala hii inahusu mti wa kahawa. Kwa ndege mkubwa asiyeruka mwenye jina hilohilo, tazama Mbuni (ndege).

Jenetikia ya mbuni ni sehemu ya jenetikia inayochunguza jinsi sifa za mti wa kahawa zinavyorithiwa kutoka mmea mzazi hadi uzao wake, na jinsi seli za mti huo zinavyotunza na kugawana vinasaba. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa hasa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao makuu Lyamungu, mkoani Kilimanjaro. Taasisi ina vituo vidogo katika maeneo mengine yanayolima kahawa, kikiwemo kituo cha Mbimba katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe.

Mbuni ni mfano unaomfaa sana mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeanza kusoma biolojia ya seli na jenetikia. Mambo mengi ya mwaka wa kwanza na wa pili, yaani mitosisi, meiosisi, sheria za Mendel, poliploidi na ukuzaji wa tishu, yanahitajika ili kujibu swali moja ambalo mkulima wa Mbozi ana haki ya kuliuliza: kwa nini mche wa kahawa chotara hutolewa kwa kikonyo, ilhali chini ya mti huohuo kuna mbegu tele za bure?

Mbozi na kahawa yake

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake ni Vwawa, wilayani Mbozi. Mji wake unaojulikana zaidi ni Tunduma, penye mpaka na Zambia, ambapo barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA huvuka kuelekea Nakonde. Tunduma ni mji wa biashara na malori. Kahawa yenyewe iko juu zaidi kwenye nyanda za Mbozi, nchi ya Wanyiha, na katika milima ya Ileje.

Kahawa inayolimwa huko ni arabika, ambayo hupenda nyanda za juu zenye baridi kiasi. Mbozi ni miongoni mwa wilaya za Tanzania zinazotoa kahawa nyingi ya aina hiyo. Kama ilivyo kwingine nchini, sehemu kubwa ya zao hilo hutoka kwa wakulima wadogo, wenye mashamba ya ekari moja, mbili au tatu, wanaouza kupitia vyama vyao vya ushirika. Katika kaya ya namna hiyo, mbuni ukipandwa leo hutoa mavuno ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Kosa la kuchagua mche halionekani mapema, na likishaonekana gharama yake ni ya miaka mingi.

Mvua za Mbozi huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Vitumba vya maua hulala wakati wa kiangazi na kuamshwa na mvua ya kwanza. Siku kumi hivi baadaye shamba zima huwa jeupe na kunukia kama asumini. Ni katika siku hizo chache tu ambapo mtaalamu wa uzalishaji wa aina mpya anaweza kuchavusha, na zikimpita husubiri hadi mwaka unaofuata.

Seli na kromosomu za mbuni

Kila seli ya jani, mzizi au shina la arabika ina kromosomu 44 ndani ya kiini chake. Spishi nyingine za jenasi Coffea, ikiwemo robusta inayolimwa Kagera, zina 22. Tofauti hiyo imetokana na historia. Arabika si spishi iliyojitokeza polepole kutoka mzazi mmoja. Ni chotara wa asili wa spishi mbili, robusta (Coffea canephora) na Coffea eugenioides, mti wa porini unaopatikana katika misitu ya Afrika Mashariki. Spishi hizo zilipokutana, uzao wao ulibaki na seti kamili za kromosomu kutoka pande zote mbili: 22 na 22. Mmea wenye seti nne za kromosomu badala ya mbili huitwa tetraploidi.

Mtu angetarajia kwamba wingi huo wa seti ungevuruga urithi. Lakini wakati wa meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza chavua na vijiyai, kromosomu zilizotoka kwa robusta hujipanga na wenzao wa robusta, na zile za eugenioides hujipanga na za kwao. Hivyo hutokea jozi 22 zilizo safi, na kila chembe ya chavua hupata kromosomu 22. Kwa sababu hiyo arabika, ingawa ni tetraploidi, hurithisha sifa zake karibu sawa na mmea wa kawaida wa diploidi, na hesabu za Mendel zilizofanywa kwa njegere hutumika kwake bila marekebisho makubwa.

Kuna jambo moja dogo ambalo walimu hulipenda. Katika mimea ya maua, mbegu hutungwa mara mbili. Kiini kimoja cha chavua huungana na kijiyai na kufanya kiinitete, chenye kromosomu 44. Kiini cha pili huungana na viini viwili vya mfuko wa kiinitete na kufanya endospermu, ambayo ni chakula cha mche mchanga. Kwa hesabu ya 22 mara tatu, seli za endospermu zina kromosomu 66. Buni inayokaangwa na kusagwa ni endospermu karibu yote. Anayekunywa kahawa asubuhi anakunywa chakula alichowekewa mtoto wa mti.

Arabika hutofautiana na robusta pia katika kuchavusha. Ua la arabika hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa, zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Ua la robusta haliwezi, kwa kuwa lina mfumo wa kijenetikia unaoikataa chavua yake lenyewe, na hivyo kila mbegu ya robusta ina wazazi wawili. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza desturi za wakulima wa sehemu hizo mbili za nchi, kama itakavyoonekana chini.

Magonjwa mawili

Uzalishaji wa aina mpya za arabika katika Afrika Mashariki umesukumwa na magonjwa mawili kuliko jambo jingine lolote.

La kwanza ni chulebuni, unaosababishwa na kuvu Colletotrichum kahawae. Jina la spishi limechukuliwa kutoka neno la Kiswahili. Kuvu huyo hushambulia matunda yakiwa bado mabichi na kuyatia madoa meusi yaliyobonyea, hadi tunda zima hukauka mtini au kuanguka. Hustawi palipo na baridi na unyevu, yaani mahali palepale panapofaa arabika bora. Ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na ukaingia Tanzania miaka ya 1960. Mwaka wa mvua nyingi, shamba lisilopuliziwa dawa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya matunda yake. Hadi sasa chulebuni haujatoka nje ya bara la Afrika. Hiyo ni sababu mojawapo ya ukaguzi wa mimea mipakani kuchukuliwa kwa uzito, maana mche mmoja uliopakiwa kwenye lori unaweza kubeba zaidi ya majani na mizizi.

La pili ni kutu ya majani, inayoletwa na kuvu Hemileia vastatrix. Huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Majani hupukutika, na mti uliobaki uchi hauwezi kujaza matunda. Ni kutu hiyo iliyoangamiza mashamba ya kahawa ya Ceylon (Sri Lanka ya leo) baada ya kuonekana huko mwaka 1869, na nchi hiyo ikageukia chai.

Magonjwa yote mawili huzuiwa kwa kupulizia dawa za kuvu, hasa zenye kopa. Dawa ni ghali, bomba la kupulizia ni ghali, na kazi yenyewe hurudiwa mara nyingi kwa msimu. Bei ya kahawa ikishuka, dawa ndiyo matumizi ya kwanza kuachwa, na mwaka unaofuata shamba hulipa. Mti unaojikinga wenyewe una thamani kwa mkulima mdogo hata kama hauzai zaidi ya mti wa zamani.

Aina za zamani

Kahawa ya arabika ilifika pwani ya Tanganyika katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Bagamoyo, na ikapanda nao hadi Kilimanjaro. Miche ya mwanzo ilikuwa ya ukoo wa Burboni, ulioitwa hivyo kwa jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Ukoo mwingine unaojulikana duniani ni Tipika. Koo hizo mbili zilitokana na miti michache iliyotoka Yemen, na hivyo karibu arabika yote iliyolimwa duniani katika karne ya 19 na 20 ilikuwa na utofauti mdogo sana wa vinasaba. Kuvu aliyeweza kuushinda mti mmoja aliweza kuishinda yote.

Kituo cha utafiti cha Lyamungu kilianzishwa mwaka 1934. Watafiti wake walipita mashambani wakichagua miti iliyozaa vizuri kuliko jirani zake na kupanda mbegu zake kwa mistari. Kwa njia hiyo zilipatikana aina za N39 na KP423, ambazo kwa miongo mingi ndizo zilizokuwa kahawa ya Tanzania. Wakati huohuo Kenya ilichagua SL28 kutoka mbegu zilizochukuliwa Monduli, Tanganyika, mwaka 1931. Aina hiyo husifiwa hadi leo kwa ladha yake. Zote hizo, kwa bahati mbaya, hushambuliwa na chulebuni na kutu.

Aina hizo za zamani zina sifa moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Kwa kuwa arabika hujichavusha yenyewe, kila kizazi hupunguza kwa nusu idadi ya jeni zilizo na aleli mbili tofauti. Mti ukiwa na aleli tofauti katika sehemu 100 za kromosomu zake, watoto wake kwa wastani watakuwa nazo katika sehemu 50, wajukuu 25, na baada ya vizazi sita hubaki moja au mbili tu. Mti wa namna hiyo ukizaa mbegu, mbegu hutoa mti unaofanana na mzazi karibu kabisa.

Kwa hiyo mkulima wa zamani aliyechagua mti wake bora, akachuma matunda yaliyoiva ya katikati ya tawi, akayamenya na kuotesha mbegu kwenye kitalu chini ya mgomba, alifanya jambo sahihi kisayansi. Mti wa N39 ulimzalia N39. Desturi hiyo ilifundishwa na maofisa kilimo wenyewe, ikarithishwa kwa watoto, na haikuwa na kosa. Kilichobadilika baadaye ni mti.

Kutengeneza chotara

Aleli za kujikinga na magonjwa hazikuwemo katika Burboni wala Tipika. Ilibidi zitafutwe nje. Vyanzo viwili vimetumika zaidi. Kimoja ni Rume Sudan, arabika ya porini kutoka nyanda za Boma katika Sudan Kusini ya leo, isiyozaa sana lakini yenye kinga kubwa dhidi ya chulebuni. Kingine ni Chotara wa Timor, mti uliogunduliwa katika kisiwa cha Timor miaka ya 1920.

Chotara wa Timor ni tukio la ajabu la seli. Arabika na robusta zikichavushana kwa kawaida, uzao hupata kromosomu 22 kutoka arabika na 11 kutoka robusta, jumla 33. Hesabu hiyo haigawanyiki kwa jozi, meiosisi huvurugika, na mti huwa karibu tasa. Huko Timor, kwa bahati, inaelekea robusta ilitoa chavua au kijiyai ambacho hakikupunguza kromosomu zake kwa nusu. Badala ya 11 zilikuja 22, na mti ukawa na 44 kama arabika yoyote. Uliweza kuzaa, na uliweza kuchavushana na arabika nyingine. Kupitia mti huo, kinga ya robusta iliingia katika arabika za dunia nzima.

Mwaka 1980, uchunguzi uliofanywa Kenya na van der Vossen na Walyaro ulionyesha kwamba kinga dhidi ya chulebuni hutegemea jeni chache tu: jeni R yenye nguvu iliyomo katika Rume Sudan, jeni T kutoka Chotara wa Timor, na jeni k, ambayo ni fichifu na hufanya kazi ikiwa tu mti umeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kenya ilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 kwa msingi wa elimu hiyo.

Kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Siku moja kabla ya ua kufunguka, mtaalamu hulifungua kwa kibano, huondoa chavuo zote ili lisijichavushe, na kulifunika kwa mfuko. Kisha hupaka chavua ya mti wa baba, huandika kibandiko na kufunga tena. Matunda huiva baada ya miezi minane au tisa. Mbegu huoteshwa, miche huambukizwa kuvu kwa makusudi, na iliyosalia hupandwa shambani kungojea mavuno. Uzao bora huchavushwa tena na N39 au KP423 ili kurudisha ladha na uzazi. Tangu kuchavusha kwa mara ya kwanza hadi aina kukabidhiwa kwa mkulima, miaka 20 au zaidi si mingi. Mtafiti anaweza kustaafu kabla ya kuona matokeo ya maua aliyoyafunga akiwa kijana.

Tanzania ilianza kutoa chotara zake rasmi katika miaka ya 2000, chini ya TaCRI. Zilizojulikana kwanza ni zile za N39-1 na kuendelea pamoja na KP423-1 na ndugu zake. Baadaye zikafuata aina fupi, zinazoweza kupandwa kwa kubanana zaidi, kama TaCRI 1F.

Kwa nini mbegu za chotara hazifai

Chukua mti chotara uliorithi aleli ya kinga kutoka kwa mzazi mmoja na aleli isiyo na kinga kutoka kwa mwingine. Kwa kuwa aleli ya kinga ina nguvu, mti wenyewe hauugui. Ukijichavusha, meiosisi hutenganisha aleli hizo mbili: nusu ya chavua hubeba kinga na nusu haina, na vijiyai vivyo hivyo. Katika kila mbegu nne, kwa wastani moja haipati kinga kabisa.

Mkulima akipanda miche 500 kutokana na mbegu hizo, kama 125 itaugua chulebuni. Hataweza kuitambua kwa macho kitaluni, wala mwaka wa kwanza, wala wa pili. Ataijua siku matunda yatakapokuwa meusi, baada ya mbolea, palizi na miaka mitatu ya kungoja. Ikiwa kinga inategemea jeni mbili zilizo kwenye kromosomu tofauti, hesabu ni mbaya zaidi: mbegu 9 tu kati ya 16 hupata zote mbili, yaani miti 281 hivi kati ya 500. Na kinga ni sifa mojawapo tu. Ukubwa wa buni, urefu wa mti, ladha na wakati wa kuiva hutegemea jeni nyingi, na zote hutawanyika kwa namna hiyo. Shamba lililotokana na mti mmoja bora huwa na mirefu na mifupi, ya mapema na ya kuchelewa.

Hapa ndipo desturi nzuri ya zamani inapomponza mkulima. Mche wa kikonyo hununuliwa na foleni yake huwa ndefu, ilhali mbegu ni bure. Asiyeelezwa sababu ataona kwamba kuuziwa miche ni njia ya watu wa kitalu kujipatia fedha. Kuambiwa tu kwamba mbegu za chotara hazifai hakumsaidii, kwa sababu baba yake alizitumia mbegu na shamba lilistawi. Maelezo yanayomtosheleza ni yale yanayoanza kwa kukubali kwamba baba yake alikuwa sahihi.

Vikonyo, kubebesha na ukuzaji wa tishu

Ili kupata mti uleule, ni lazima kuikwepa meiosisi. Seli za shina na jani hugawanyika kwa mitosisi, ambapo DNA hunakiliwa nzima na kila seli mpya hupata kromosomu zote 44 bila kuchanganywa upya. Mche uliotokana na kipande cha shina kwa hiyo ni mwendelezo wa mti wa mwanzo. Huitwa kloni.

Njia inayotumika zaidi ni ya vikonyo. Miti iliyothibitishwa hupandwa katika bustani mama na kuinamishwa ili itoe machipukizi mengi. Chipukizi hukatwa vipande vyenye pingili moja, hupasuliwa katikati kwa urefu ili kila nusu ibaki na jani moja, na jani hupunguzwa ili lisipoteze maji mengi. Vikonyo huchomekwa katika sanduku la kuoteshea lenye unyevu, lililofunikwa nailoni na kuwekwa kivulini. Baada ya miezi mitatu au minne mizizi hutoka, na miche huhamishiwa kwenye viriba.

Si kila chipukizi linafaa. Mbuni una matawi ya namna mbili: machipukizi wima yanayopanda juu, na matawi ya pembeni yanayobeba matunda. Kikonyo cha chipukizi wima hutoa mti wa kawaida. Kikonyo cha tawi la pembeni huota mizizi vilevile, lakini mche wake hukua ukitambaa kuelekea pembeni maisha yake yote, bila kusimama. DNA ya vikonyo hivyo viwili ni ileile. Kinachotofautiana ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa katika seli za ncha, na seli hizo hukumbuka hali yao hata baada ya kukatwa kutoka mtini. Kwa mwanafunzi anayedhani kwamba kujua mfuatano wa DNA ni kujua kila kitu kuhusu kiumbe, ziara fupi katika bustani mama inatosha kumbadilisha.

Njia ya pili ni kubebesha, yaani kupachika kikonyo cha chotara juu ya shina la mbuni mwingine. Hufaa pale ambapo mkulima ana miti ya zamani yenye mizizi imara na hataki kuing'oa. Mizizi hubaki na jeni zake na shina jipya na zake. Ndiyo maana chipukizi lolote linaloota chini ya kiungo lazima liondolewe, kwa sababu hilo ni la mti wa zamani.

Ya tatu ni ukuzaji wa tishu katika maabara. Vipande vidogo vya jani huwekwa kwenye chombo safi chenye sukari, madini na homoni. Seli zake hurudi katika hali isiyo na kazi maalumu, kisha hutengeneza viinitete bila mbegu wala ua. Mwaka 1970 Staritsky alieleza jambo hilo kwa robusta. Njia hii inaweza kutoa miche mingi kwa muda mfupi kuliko vikonyo, lakini huhitaji maabara, umeme wa uhakika na mafundi waliofunzwa, na wakati mwingine seli hupata mabadiliko madogo zikiwa chomboni.

Kloni zina hatari yake pia. Shamba la kloni moja ni mti mmoja uliorudiwa mara mia tano, na kuvu akipata njia ya kuuingia mmoja ameipata yote. Kutu ya majani ina makundi mengi ya kijenetikia na imewahi kuvunja kinga ya uzao wa Chotara wa Timor nchini India na Amerika ya Kati. Ndiyo sababu mojawapo ya kutolewa kwa aina kadhaa badala ya moja.

Robusta ya Kagera ina hadithi tofauti. Kwa kuwa haijichavushi, mbegu zake hazijawahi kufanana na mzazi, hata kabla ya chotara yoyote ya kisasa. Mkulima aliyetaka mti fulani hakuwa na njia ya mbegu ya kumpatia mti huo.

Masomo ya chuo kikuu

Jenetikia na biolojia ya seli hufundishwa katika shahada za kwanza za sayansi na kilimo za vyuo vikuu kadhaa nchini. Kwa upande wa mimea, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilichopo Morogoro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, ndicho kinachohusika zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha biolojia ya molekuli na bioteknolojia. Mwanafunzi wa Tunduma au Vwawa huvifikia vyote viwili kwa barabara ileile ya TANZAM inayopita karibu na mashamba ya kahawa ya nyumbani kwao.

Anayeingia huko kwa kawaida amesoma Biolojia na Kemia kidato cha tano na cha sita, katika michepuo ya PCB au CBG. Hesabu za Mendel amezikuta sekondari. Jipya chuoni ni kuziona seli zenyewe. Zoezi la kwanza karibu kila mahali ni ncha ya mzizi wa kitunguu: hupondwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini ili kupata seli zilizo katika hatua mbalimbali za mitosisi. Kitunguu huchaguliwa kwa sababu kina kromosomu 16 tu, nazo ni kubwa. Za mbuni ni 44 na ni ndogo mno, na kuzihesabu bila kukosea ni kazi ya mtu mwenye uzoefu.

Ugumu wa masomo haya kwa wengi hauko katika mawazo yenyewe bali katika njia ya kuyapata. Mwanafunzi wa shule ya umma husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Anaweza kuchora hatua zote za meiosisi katika mtihani na kupata alama zote, kisha akashindwa kumweleza shangazi yake kwa nini asipande mbegu za N39-1. Anayejaribu huona kwamba sehemu kubwa ya maneno ipo tayari. Vyombo vya habari vimezoesha vinasaba kwa maana ya DNA na jeni. Wakulima wana chotara, kikonyo, chipukizi, kubebesha, bustani mama. Yanayokosekana ni machache, hasa majina ya migawanyiko miwili ya seli, na hayo yanaweza kuelezwa kwa sentensi moja kila moja: mmoja hunakili, mwingine huchanganya na kugawa nusu.

Utafiti wa karibuni

Mfuatano wa DNA ya robusta ulichapishwa mwaka 2014. Ulionyesha pamoja na mengine kwamba kahawa na chai zilipata uwezo wa kutengeneza kafeini kila moja kwa njia yake, si kutoka babu mmoja. Ule wa arabika ulichapishwa mwaka 2024, na watafiti wakakadiria kwamba kukutana kwa robusta na eugenioides kulitokea miaka 600,000 iliyopita au zaidi, kabla ya binadamu yeyote kupanda kitu. Kwa wazalishaji wa aina mpya, faida kubwa ya ramani hizo ni alama za DNA zinazoandamana na jeni za kinga. Kipande kidogo cha jani la mche wa miezi michache kinaweza kupimwa maabara na kuonyesha kama mche umepata jeni T, bila kuambukizwa kuvu na bila kungoja miaka mitatu ya matunda. Ladha na uzazi bado hupimwa kwa njia ya zamani, shambani na kikombeni, msimu baada ya msimu.